Bleidi ya mbele kwenye trekta dogo: tunavyodanganyana vijiweni

Masika yakiisha huku juu ya Moshi, kila mwenye trekta dogo la mtumba la Kijapani anaanza kuulizia bleidi ya mbele, lile bamba la chuma la kusukumia udongo, maana njia za shambani zimeliwa na maji na mifereji imejaa tope, na kila kijiwe kina mtaalamu wake.

Eti ukifunga bleidi umepata katapila. Wapi! Katapila lina minyororo na tani kibao, trekta la hospawa 25 lina matairi na uzito wa tani moja na kitu. Bleidi yake inasukuma kilicholegea tayari, changarawe iliyomwagwa na tipa, kifusi, mchanga ulioshuka na mvua. Udongo mgumu ulegeze kwanza kwa jembe la nyuma.

Eti nunua tu inayolingana na upana wa trekta. Bleidi ya futi 5 ikinyooka ina sentimita 152, ukiikata, yaani ukiigeuza mshazari, nyuzi 30 ili imwage pembeni inabaki kama 132, sasa kama matairi yako nje kwa nje ni 140, tairi linapanda tuta ulilotoka kulitengeneza sasa hivi. Pima ikiwa imekatwa. Ila usikimbilie kubwa mno, itajaa halafu matairi yazunguke palepale. Weka uzito nyuma, hata maji kwenye matairi yanasaidia sana.

Eti ichomelee tu kwenye mikono ya loda, ile ya mbele inayonyanyua ndoo. Hapa ndo niliumia mimi. Siku ya tatu kona ya kulia ikagonga jiwe lililojificha kwenye tope, trekta likasimama ghafla, kushuka nachungulia kwa mbele, bleidi imelala upande, mkono mmoja umepinda. Mikono ile ni ya kuinua mzigo, ukiisukuma upande mmoja inajinyonga. Fremu inayofungwa chini ya chesisi bei imechangamka kweli, lakini nguvu ya kusukuma inaenda kwenye mwili wa trekta, sio kwenye mikono.

Eti spring za nyuma ya bleidi ni za wazungu wenye theluji, ya kwetu iko Kibo. Ni kweli bleidi nyingi za spring ni za theluji, lakini kazi ya spring ni kuiacha bleidi ilale mbele ikigonga kitu, na huku kwetu mawe hayaishi. Kwa kusambaza changarawe ziache zibaki. Ukitaka kukata udongo zitakukera, kila saa inalala, hapo tafuta isiyo na spring.

Na hii ya kwamba bleidi ya mbele inanyoosha barabara kama greda, jamani. Tairi za mbele zikiingia shimoni bleidi inachimba, zikipanda inanyanyuka, unajikuta umetengeneza mawimbi. Mimi ya mbele nasukumia tu, kunyoosha namalizia na bleidi ya nyuma, taratibu, gia ya chini.