Chujio limefungwa, gasketi je?

Tangu 5G ianze kibiashara nchini Tanzania mwaka 2022, malalamiko ya wenye madishi makubwa yanatufikia kwa sura ileile. Picha inaganda, kisimbuzi kinaonyesha mawimbi yapo lakini ubora ni sifuri, fundi ameitwa, chujio la kuzuia mawimbi ya 5G limenunuliwa na kufungwa, na hali haijabadilika. Ushauri wa kufunga chujio tuliutoa sisi na bado tunasimama nao. Lakini tukipanda juu ya paa na vipimo vyetu, mara nyingi chujio tunalikuta zima. Mbovu ni kiungo kati ya chujio na LNB (kifaa cha mdomoni mwa dishi kinachopokea na kukuza mawimbi): gasketi, yaani pete ya kuziba kiungo, haipo, au ni ile ya zamani iliyorudishwa, au ni raba nyeusi ya dukani isiyopitisha umeme.

Makala haya ni ya wenye LNB za flanji, yaani zinazofungwa kwa boliti kwenye uso bapa wa chuma: vituo vya redio na televisheni, waendeshaji wa kebo, hoteli, na taasisi zenye kituo chao cha kupokelea. Mwenye dishi la futi 6 nyumbani, ambaye LNB yake imeungana na mdomo wake kiwandani, hana flanji ya kufungulia. Anachohitaji ni LNB ya 3.7 hadi 4.2 GHz yenye chujio ndani. Tafadhali usiipasue ya zamani kutafuta gasketi.

Kabla ya kuendelea, tumalize hili la kwamba 5G "imeiba" masafa ya madishi. Masafa ya 3,400 hadi 3,600 MHz yalitengwa kwa simu za mkononi katika Kanda ya 1, ambamo Afrika yote imo, kwenye Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio wa mwaka 2015 mjini Geneva. Mkutano wa mwaka 2023 mjini Dubai uliipa huduma hiyo nafasi zaidi kati ya 3,600 na 3,800 MHz. Hakuna aliyevizia usiku. Na ukifunga chujio la 3.7 hadi 4.2, chaneli zilizo chini ya 3,700 MHz zitapotea, kwa sababu hiyo ndiyo kazi uliyolinunulia. Kutuandikia kwamba "chujio limekula chaneli" si malalamiko tunayoweza kuyafungulia jalada.

Sasa kiungo chenyewe. Bomba la mawimbi, linaloyapeleka kutoka mdomo wa dishi hadi kwenye LNB, la C-band (masafa ya madishi haya makubwa), saizi ya WR-229, lina upana wa ndani wa milimita 58.17 na hupitisha kila kitu kuanzia takriban 2.6 GHz kwenda juu. Kwa hiyo bomba lenyewe halizuii 5G hata kidogo. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta na mawimbi yake yanafika yamechoka. LNB huyakuza kwa desibeli 60 hivi, yaani mara milioni moja. Mnara wa 5G uko mtaa wa pili. LNB haichagui: inakuza vyote viwili, inalemewa, na ubora unaanguka hata kwenye chaneli ambazo masafa yake hayajaguswa na mtu.

Chujio zuri hupunguza mawimbi ya 5G kwa desibeli 60 au zaidi. Lakini tuseme flanji kati ya chujio na LNB inavuja kiasi kwamba mawimbi yanayopenya hapo yamepungua kwa desibeli 35 tu. Basi ulinzi wako ni 35, si 60, hata chujio lingekuwa la bei ya gari. Chandarua hupimwa kwa tundu lake.

Kwa nini flanji mbili za alumini zilizobanwa kwa boliti zivuje? Kwa sababu katika masafa haya mkondo wa umeme hupita karibu wote kwenye mikroni chache za juu za ukuta wa ndani wa bomba. Rangi, vumbi, kutu nyeupe ya alumini, hata gundi ya stika ya kiwandani, vyote vinaukatisha mkondo huo. Na flanji hazigusani kila mahali. Zinagusana penye boliti na kupinda kidogo katikati. Urefu wa wimbi la 3.5 GHz ni sentimita 8.6 hivi. Ufa wa nusu ya urefu huo, hata ukiwa mwembamba kuliko wembe, ni antena kamili, na mfupi zaidi bado unavuja. Gasketi ya kupitisha umeme inajaza ufa huo na kuunganisha mkondo kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kuzuia maji ni kazi yake ya pili, ingawa mafundi wengi wanadhani ndiyo ya pekee.

Kiungo cha kuangalia kwanza ni kile kilicho baada ya chujio, upande wa LNB. Kinachopenya kabla ya chujio bado kitachujwa. Kinachopenya baada yake kimeshaingia ndani. Kiungo cha kabla ya chujio nacho kisidharauliwe, maana kila desibeli 0.1 inayopotea mbele ya LNB huongeza takriban nyuzi 7 za kelvini za kelele, na wewe umelipa zaidi kununua LNB ya kelvini 15 za kelele badala ya 20.

Gasketi zipo za kufa na za kupona. Zinazofaa ni silikoni iliyochanganywa na chembe za alumini zilizopakwa madini ya fedha. Kwenye kiwango cha MIL-DTL-83528 hizo ni aina B. Aina A ni za shaba iliyopakwa fedha, nazo hupitisha umeme vizuri, lakini ukizikutanisha na flanji ya alumini kwenye hewa ya chumvi ya Tanga, Unguja au Mtwara, alumini inaliwa. Kwa pwani nunua B. Flanji yenye mfereji ikikutana na yenye mfereji, tumia gasketi nene. Ikikutana na bapa, tumia ya nusu unene. Ukizichanganya, ama flanji hazitagusana ama gasketi haitabanwa.

Muuzaji akisema raba yake inapitisha umeme, weka ncha za mita pande zake mbili. Ya kweli itasoma chini ya omu moja. Raba yenye kaboni inaweza kusoma makumi au mamia ya omu. Mita italia na wewe utadanganyika. Raba ya kawaida haitasoma chochote.

Na hapa naomba tusikilizane. Silikoni ya dirishani yenye harufu ya siki haipitishi umeme, na ile siki ni asidi inayokula alumini. Karatasi ya foili ya jikoni iliyozungushiwa LNB haifanyi kazi tunayoizungumzia. Grisi haifanyi. Rangi ya fedha ya kupaka geti haina fedha ndani yake. Tumeviona vyote, vingine kwenye kituo kimoja.

Kufunga: futa nyuso zote mbili kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, usisugue kwa msasa, kaza boliti kwa mtindo wa msalaba kidogo kidogo mpaka flanji zikutane sawasawa. Gasketi iliyokwisha kubanwa haijai tena ilivyokuwa, hivyo kila unapofungua weka mpya. Ukimaliza, zungusha kiganja kwenye kiungo huku mwenzako akitazama kipima masafa, kifaa kinachoonyesha nguvu ya mawimbi ya kila masafa. Mawimbi ya 5G yakipanda au kushuka kwa mkono wako, panavuja.

Kipimo hicho cha mkono ni cha upande wa kupokea peke yake. Kwenye VSAT (kituo kidogo cha setilaiti kinachopokea na kurusha pia), bomba linalotoka kwenye kikuza cha kurushia linabeba nguvu. Zima kikuza kabla ya kugusa boliti, funga swichi yake kwa kufuli na ukae na ufunguo mfukoni, na usichungulie kamwe ndani ya bomba lililo wazi. Jicho halina mzunguko wa damu wa kutosha kuondoa joto. Kikomo cha kimataifa kwa watu wa kawaida katika masafa ya 2 hadi 300 GHz ni wati 10 kwa mita ya mraba, na flanji iliyolegea kwenye kikuza kikubwa inaweza kukipita karibu yake.

Kurusha kwenye kiungo kinachovuja ni suala la sheria pia. Mwenye leseni akibainika kusababisha mwingiliano wenye madhara, hupewa kwanza taarifa ya maandishi na muda wa kurekebisha. Muda ukiisha bila marekebisho, hufuata amri ya kuzima mtambo. Kukaidi amri ni kosa linalojitegemea, hata kama mwingiliano wa mwanzo ulikuwa wa bahati mbaya, na hapo vifaa vinaweza kushikiliwa na shauri kufikishwa mahakamani. Mwingiliano ukigusa mawasiliano ya usalama, kama ya ndege, hatua ya kwanza inaweza kuwa kuzima mara moja. Viwango vya faini vimo katika Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni zake. Sivinukuu hapa kwa sababu hukatwa picha na kusambazwa bila masharti yake.

Anayelalamika aandike: jina la mwenye kituo na namba ya usajili, mahali kilipo kwa viwianishi, setilaiti na nyuzi zake, masafa na upande wa wimbi (polaraizesheni) ulioathirika, siku na saa tatizo lilipoanza, aina ya LNB na chujio, picha ya kipima masafa kabla na baada ya chujio, na picha ya kiungo cha chujio na LNB kikiwa kimefunguliwa, gasketi ikionekana. Picha hii ya mwisho ndiyo watu huiacha. Lalamiko lisilokuwa nayo tutalirudisha kwanza kabla ya kumtuma mtu.