Kadi ya mwaliko wa mtoto: anza na mkunjo, mapambo baadaye

Mzazi akinijia kutaka kadi za mwaliko wa siku ya kuzaliwa ya mwanawe, aghalabu huja na neno moja: dinosaria, bahari, treni, anga za juu. Swali linalofuata huwa, "Tubandike nini?" Hapo namsimamisha. Kabla ya kubandika chochote nataka kujua karatasi yenyewe itafanya nini ikiwa mkononi mwa mtoto. Mwalikwa wa miaka mitano hasomi kadi. Anaifungua, anaifunga, anaifungua tena mpaka ichanike. Basi mada ya sherehe naiweka kwenye mkunjo na mkato, maana huko ndiko vidole vyake vinakoenda.

Chukua treni. Wengi watachora kichwa cha treni na moshi wake. Mimi huchukua A4, nikaugawa ule upande wa milimita 297 mara tatu, nikapata vipande vya 99 kwa 210. Tiketi hizo, na zinaingia vizuri kwenye bahasha ndefu ya 110 kwa 220. Namba ya behewa ni umri wa mtoto. Saa ya kuondoka ni saa ya sherehe kuanza, na saa ya kufika ni saa ya wazazi kuja kuwachukua wanao. Karibu na ncha moja napitisha karatasi kwenye cherehani isiyotiwa uzi. Sindano inaacha mstari wa vitundu, na mgeni akifika mlangoni anachaniwa kipande chake. (Tumia sindano kuukuu. Karatasi huitia ubutu haraka, na fundi nguo wa nyumbani hatakusamehe.)

Kwa bahari au dinosaria napenda umbo linalosimama kadi inapofunguliwa. Watu huliogopa bure. Kunja A5 (nusu ya A4) katikati ipate ukubwa wa A6. Kwenye mgongo wa mkunjo kata mistari miwili inayolingana, kila mmoja sentimita 3, ukiacha nafasi ya sentimita 2 kati yake. Fungua, sukuma ukanda huo kwa ndani, kisha funga kadi uibonyeze. Ukiifungua nusu utaona kidaraja kimejitokeza. Uso wa mbele wa kidaraja ndipo unapobandika samaki au dinosaria wako.

Sasa hesabu inayoponza wengi. Kadi ikifungwa, umbo hulala likielekea ukingoni, na huanzia pale mikato ya kidaraja inapoishia, si kwenye mgongo. Kwa hiyo urefu wa kidaraja ukijumlishwa na urefu wa umbo lazima uwe mdogo kuliko upana wa ukurasa, kuanzia mgongo hadi ukingo. Ukurasa wa A6 una milimita 105. Toa 30 za kidaraja, zinabaki 75. Dinosaria wa milimita 70 anajificha salama. Wa milimita 90 atachungulia nje ya kadi kabla hata bahasha haijafunguliwa.

Karatasi ya kawaida ya printa, gramu 80 kwa mita ya mraba, inalegea mno kwa kazi hii. Kwa kadi yenye kidaraja natumia ya gramu 160 hadi 200. Ukifika 300 mkunjo unakuwa mkaidi na kadi haikubali kufungika. Halafu karatasi ina mwelekeo: nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja. Ipinde taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Pale inapokubali kirahisi, mkunjo wako uelekee huko. Ukikunja kinyume, karatasi nene inapasuka mgongoni na kutoa vinyweleo. Kabla ya kukunja, chora mkunjo kwa rula na kalamu iliyokwisha wino. Ni jambo dogo, lakini kadi iliyochorwa mkunjo na isiyochorwa utazitofautisha ukiwa mbali.

Gundi nyeupe ya maji siipendi kwa maeneo mapana. Maji yanavimbisha nyuzi na kadi inajipinda. Gundi ya kijiti au selotepu ya pande mbili inatosha. Ukichapa kwa printa ya leza, jua kwamba rangi yake imekaa juu ya karatasi na hubanduka penye mkunjo, kwa hiyo usipitishe picha nzito mgongoni. Vumbi la kumetameta sipendi kabisa; linaishi kwenye zulia la watu miezi. Na kama wamo wageni walio chini ya miaka mitatu, vifungo na shanga visibandikwe. Vinabanduka, vinaingia mdomoni.

Rangi tatu zatosha, mojawapo ikiwa nzito ya kuandikia. Maandishi hayo ni ya wazazi, kwa hiyo mchezo wa mada usiyafunike: jina la mtoto, anatimiza umri gani, siku ya wiki pamoja na tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali, namba ya kujibu na siku ya mwisho ya kujibu. Mimi huongeza mistari miwili ambayo wengi huisahau: kama mzazi anabaki au anamwacha mtoto, na ombi la kuambiwa chakula kinachomdhuru mtoto. Wakikosa kuyaona hayo, simu zitakuandama wiki nzima.

Kabla ya kukata rundo zima, tengeneza moja kamili, uitie kwenye bahasha, uitoe, kisha mpe mtoto mwenye sherehe aifungue na kuifunga apendavyo. Kidaraja kikichanika pembeni, punguza urefu wa mikato au ongeza unene wa karatasi. Kikistahimili mikono yake, kata zilizobaki, uzilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja, kisha uzitie kwenye bahasha.