Anayekula Mahindi Yako Si Huyo Kipepeo

Tangu kiangazi kianze, wenye depo hapa Lubumbashi wanatuletea lalamiko lile lile: ukifungua gunia, vipepeo vidogo vya rangi ya nyasi kavu vinakurukia usoni. Wengi wanavipiga kwa kitambaa na kuhesabu kazi imekwisha. Huyo ni nondo wa nafaka, na akishaota mabawa hali kitu. Anaishi wiki moja au mbili, anataga, anakufa. Mlaji ni mtoto wake, na huyo humwoni.

Chukua punje moja, iinue kwenye mwanga. Ukiona kiduara kama dirisha la karatasi nyembamba, yumo. Kiwavi aliingia akiwa mwembamba kama uzi, akala punje hiyo hiyo moja kwa ndani. Kabla ya kugeuka bundo, hatua ya kati ya kiwavi na nondo, akakata ganda, akabakiza utando tu, maana nondo hana meno ya kutoboa: atausukuma kwa kichwa. Kwenye joto la nyuzi 30, yote hayo huchukua kama wiki tano.

Tuelewane basi na wanaosema ni uchawi, au kwamba unga wenyewe huzaa wadudu: si uchawi, na unga hauzai wadudu. Mara nyingi mayai hutagwa shambani, mahindi yakiwa bado kwenye bua. Ndiyo maana tunasisitiza kupukuchua mapema, kwa kuwa nondo hawezi kujipenyeza chini ya punje zilizorundikwa. Huharibu tabaka la juu. Kwenye mahindi ambayo bado yako kwenye magunzi anafika popote. Kausha sawasawa: tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikishika kioo, rudisha mahindi juani. Kisha jaza pipa hadi mdomoni, funga pasipite hewa.

Kwa wanaopitisha shehena Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia: cheti cha afya ya mimea hutolewa na nchi mzigo unakotoka, kabla haujaondoka, si mpakani. Sampuli huchukuliwa magunia ya juu, ya kati na ya chini. Wadudu wakionekana, mzigo huzuiwa, hufukizwa kwa gesi ya kuua wadudu kwa gharama ya mwenyewe, au hurudishwa. Kubishana na mkaguzi hakufupishi siku hata moja.

Vidonge vya kufukizia navyo si vya nyumbani. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya fosfini, gesi inayoua mtu usingizini. Aliyefunzwa ndiye hufunika kwa turubai, akasubiri siku kadhaa, akapitisha hewa. Na hati ya ufukizaji isome tarehe yake: gesi ikishatoka haiachi ulinzi, nondo wa jirani anaweza kuingia jioni hiyo hiyo.