Karani mzuri wa sheria hapatikani kwa usaili

Ofisi nyingi za mawakili wa kujitegemea hapa Dar es Salaam huajiri makarani na wasaidizi kwa njia ileile: tangazo, rundo la CV, usaili wa nusu saa, kisha kijana anakabidhiwa meza na mafaili. Baada ya miezi michache wakili anaanza kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kazi. Mimi ni wakili, na sehemu kubwa ya kazi yangu sasa ni kusimamia ofisi na kufundisha wanaoingia. Naamini kabisa kuwa tatizo liko kwenye namna tunavyowapata na kuwalea watu hawa, na kwamba uanagenzi, yaani kujifunza kazi ukiwa umeajiriwa chini ya mtu mwenye uzoefu, ungelipunguza sana. Sharti lake ni moja, na ofisi nyingi hazipendi kulisikia: wakili mwandamizi atoe muda wake.

Nianze na kazi yenyewe, maana anayeidharau kazi ya karani hataona sababu ya kuifundisha.

Chukua shauri la madai ambalo Mahakama Kuu imelitolea hukumu Jumatano, 4 Machi 2026. Mteja wetu ameshindwa na anataka kwenda Mahakama ya Rufani. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinatoa siku 30 za kuwasilisha notisi ya kukata rufani. Siku ya hukumu haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ni tarehe 5 Machi na ya thelathini ni tarehe 3 Aprili. Kijana aliyefaulu vizuri chuoni ataandika 3 Aprili na kuona amemaliza. Sasa afungue kalenda: hiyo ni Ijumaa Kuu. Inafuata Jumamosi, Pasaka, Jumatatu ya Pasaka, na Jumanne tarehe 7 ni Siku ya Karume. Kanuni zinatoa nafuu pale siku ya mwisho inapoangukia sikukuu, lakini karani ninayemtaka mimi haegemei nafuu hiyo. Anaandika kwenye diari ya ofisi "Alhamisi, 2 Aprili, mwisho", halafu anaweka alama nyingine wiki mbili kabla.

Na bado. Ndani ya siku hizohizo 30 lazima barua ya kuomba nakala za mwenendo wa shauri, hukumu na tuzo (amri inayotokana na hukumu) iwe imefika kwa msajili wa mahakama, na mjibu rufani, yaani upande wa pili, apewe nakala ya barua hiyo. Notisi nayo apewe ndani ya siku 14 tangu iwasilishwe. Rufani yenyewe ifunguliwe ndani ya siku 60 tangu notisi. Mahakama ikichelewa kutoa nakala, siku za kusubiri huondolewa kwenye hesabu, lakini nafuu hiyo anaipata tu aliyeandika barua kwa wakati na kumpa mwenzake nakala. Nimesoma maamuzi ambayo rufani iliondolewa kwa sababu upande wa pili haukupewa nakala ya barua. Hoja za msingi hazikuguswa kabisa. Mteja aliyetumia miaka mahakamani aliangushwa na barua ya ukurasa mmoja isiyo na saini ya kupokelewa.

Hati ya kiapo nayo iko vivyo hivyo. Mwishoni, pale kamishna wa viapo anaposhuhudia, lazima paonyeshe mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa na, tangu marekebisho ya mwaka 2016, jina la kamishna mwenyewe. Nafasi ya tarehe ikiachwa tupu, maombi yote yanaweza kuanguka. Mfumo wa mahakama wa kufungua mashauri kwa mtandao umetupunguzia foleni za masijala, lakini haujui kama kiambatisho ulichopakia ndicho kinachotajwa kwenye aya ya sita ya kiapo. Hilo linamhitaji mtu.

Usaili unapima namna mtu anavyojieleza. Hauwezi kukuonyesha kama, saa kumi na moja jioni na daladala zimeshaanza kujaa, ataifungua tena hati aliyokwisha kuikagua. Tabia hiyo inajengwa kwa kurudiarudia kazi halisi huku mtu mwenye macho makali akiangalia, na huo ndio uanagenzi.

Uingereza na Wales wamelielewa jambo hili upya. Kwa karne kadhaa solisita wa huko, yaani wakili anayehudumia wateja ofisini, alijifunza kazi kwa kufungwa mkataba wa ukarani chini ya solisita mwingine, kisha shahada ya chuo kikuu ikawa ndiyo njia kuu ya kuingilia. Kuanzia mwaka 2016 kijana aliyemaliza shule anaweza tena kuajiriwa na kampuni ya sheria moja kwa moja. Kwa kawaida anafanya kazi na kusoma kwa muda wa hadi miaka 6, huku akilipwa mshahara, na mwishoni anafanya mitihani ileile ya kufuzu usolisita (SQE) anayofanya aliyepitia chuo kikuu. Wengi hutengewa siku moja kwa wiki ya masomo. Fedha za mafunzo zinatokana na tozo iliyoanza Aprili 2017: mwajiri ambaye mishahara anayolipa kwa mwaka inazidi pauni milioni 3 hutozwa asilimia 0.5 ya kile kinachozidi, na anaruhusiwa kuitumia kulipia mafunzo ya wanagenzi wake. Tangu Januari 2026 fedha hizo, kwa ngazi ya 7 (sawa na shahada ya uzamili) ambako uanagenzi wa solisita umewekwa, zimeelekezwa hasa kwa wanaoanza wakiwa na miaka 16 hadi 21. Nakubaliana na wazo la kuanza na vijana, ingawa namwonea huruma karani wa miaka 30 aliyekuwa akiisubiri njia hiyo.

Njia hiyo ya solisita hatuwezi kuihamishia kwetu. Sheria yetu inamtaka wakili awe na shahada, kisha apitie Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kenya nao wana Kenya School of Law na miezi 6 chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua 5. Kwa anayekuwa wakili, basi, ipo ngazi ya kujifunza kwa vitendo. Karani na msaidizi wa ofisi ndio hawana kitu. Uingereza wana uanagenzi wa ngazi ya 3 kwa wasaidizi wa kisheria, wa muda mfupi zaidi na usiomdai mtu shahada, na huo ndio ningependa tuutazame.

Wa kuwachukua tunao. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinatoa cheti na stashahada ya sheria, na wahitimu wake wanaifahamu lugha ya masijala kuliko wengi wenye shahada. Wapo pia wa kidato cha sita wanaoandika Kiswahili safi, sifa ambayo thamani yake imepanda tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Tafadhali tusiwachanganye na wanafunzi wa fildi. Mwanafunzi wa fildi anakuja kwa wiki chache, mara nyingi bila malipo, anatumwa kupiga fotokopi, anasainiwa logibuku, anaondoka. Mwanagenzi ni mwajiriwa tangu siku ya kwanza. Ana mkataba wa maandishi unaotaja mshahara, muda (mimi napendelea miezi 18), kazi atakazojifunza na jina la wakili anayewajibika kwake. Nauli ya kwenda mahakamani haitoki kwenye mshahara wake. Ofisi isiyoweza kulipa iseme hivyo na isubiri, maana asiyelipwa atapatikana tu katika vijana ambao nyumbani wanaweza kuwalisha, na hapo umeshawakosa wazuri wengi.

Kuhusu muda wa wakili, hapa ndipo mipango hufa. Ninachofanya ni kutenga saa mbili kila Jumatano mchana, na zimeandikwa kwenye diari kama shauri. Mwanagenzi anapewa faili lililofungwa, anahesabu siku zote upya kutoka kwenye tarehe ya hukumu, anaeleza kwa mdomo kwa nini kila nyaraka ipo pale. Kisha tunachukua faili hai, anakagua hati mbele yangu, nami ninakaa kimya mpaka amalize. Ukimkatiza hutajua alichokuwa hajakiona. Kwa miezi ya mwanzo hakuna kinachopakiwa mtandaoni na mwanagenzi kabla wakili hajakipitia, na mbele ya mahakama makosa yake ni makosa ya wakili.

Wenzangu huuliza juu ya siri za wateja. Ni swali la haki. Sheria ya Ushahidi inawafunga midomo makarani na watumishi wa wakili kama inavyomfunga wakili mwenyewe, na mwanagenzi asomewe hilo siku anayosaini mkataba, kwa lugha anayoielewa. Kesi za ndoa na mirathi ninazichelewesha, kwa sababu mji wetu ni mdogo kuliko tunavyodhani na mtu anaweza kukutana na jina la shangazi yake kwenye faili.

Huuliza pia: tukishamfundisha akahama? Wapo watakaohama, hasa wanaokwenda kusomea shahada ya sheria. Sipendi vifungu vya kumdai kijana arudishe gharama za mafunzo. Ninachoweka kwenye mkataba ni notisi ya miezi miwili na makabidhiano ya maandishi: kila faili alilolishika, tarehe inayofuata, nyaraka ambazo bado, na nani kwenye upande wa pili alipokea nini na lini.