Picha za usiku si lazima lenzi ya f/1.4

Wengi huamini kwamba mwenye kamera ya renjifainda (unayoitazamia kupitia kidirisha cha pembeni, si kupitia lenzi) hawezi kupiga picha kwenye mwanga hafifu bila lenzi yenye tundu pana la f/1.4 (namba ikiwa ndogo, tundu la kuingizia mwanga ni kubwa), hata kama bei yake inakaba koo. Lakini f/2 huipungukia kwa stopu moja tu, yaani huingiza nusu ya mwanga: palipotosha 1/60 ya sekunde, utahitaji 1/30. Kwa lenzi ya milimita 28, mkono uliotulia huimudu kasi hiyo. Renjifainda haina kioo kinachoruka na kuitikisa kamera. Mtu anayetembea, kweli, atatoka na ukungu, na hapo f/1.4 ina haki yake.

Ukiweza kuazima lenzi zote mbili, piga rafu ileile ya vitabu, tundu likiwa wazi kabisa, kisha kuza pembe za picha ulinganishe ukali wake. Chungulia pia kidirisha cha kutazamia: lenzi nene huziba kona ya chini.