Soli mdogo wa manjano ni samaki gani?

Soli mdogo wa manjano, kwa jina la kisayansi Buglossidium luteum, ni samaki bapa wa baharini. Hazidi sentimita 15, na wengi wanaonaswa wana 10 hivi. Mtaalamu wa viumbe Risso ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1810. Makao yake ni mchanga wa pwani za Atlantiki ya kaskazini-mashariki, Bahari ya Kaskazini na Mediterania, hasa kwenye kina cha mita 10 hadi 40.

Udogo wake ndio unaowapoteza watu. Wakiona samaki bapa mwenye urefu wa kiganja husema ni mtoto wa soli wa kawaida, Solea solea, yule wa mahotelini. Lakini soli wa kawaida mwenye sentimita 12 ni mchanga kweli, hajafikisha hata miaka 2, ilhali soli wa manjano wa urefu huohuo ni mzee wa ukoo. Huanza kuzaa akiwa na miaka 3 hivi, na amewahi kupatikana aliyefikisha 13. Umri huo husomwa kwenye vijiwe vya sikioni, ambavyo huongeza duara moja kila mwaka.

Anapoanguliwa hana ubapa wowote. Huogelea wima juu majini, jicho moja kila upande, kama samaki mwingine yeyote. Kisha jicho la kushoto huhama taratibu, likavuka kichwa hadi upande wa kulia, naye hushuka na kulalia ubavu wa kushoto maisha yake yote. Ubavu wa juu hupata rangi ya mchanga yenye vidoa vyeusi. Wa chini hubaki mweupe. Akitua hupigapiga mapezi, mchanga ukamfunika, yakabaki macho tu. Chakula chake kipo hapohapo: kopepodi (viumbe vidogo sana vya majini, jamaa ya kamba) na jamaa zao wadogo wenye magamba, minyoo, na kome wachanga.

Msomaji wa Bukavu au Goma asimtafute Ziwa Kivu. Si suala la chumvi pekee. Chini ya mita 60 hivi maji ya ziwa hilo hayana oksijeni, kwa hiyo sehemu kubwa ya sakafu yake haikaliki kwa samaki yeyote wa kulala chini. Sambaza, samaki mdogo kama dagaa aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, alifaulu kwa sababu yeye huishi maji ya juu.

Kumtofautisha na mtoto wa soli wa kawaida, mlaze macho juu, kisha tandaza kwa kidole pezi refu la mgongoni na lile la tumboni nyuma. Hesabu vijiti vya pezi: kwa soli wa manjano, karibu kila cha tano hadi cha saba ni cheusi, vingine vyote ni vya rangi hafifu. Halafu angalia pezi dogo la kifuani, nyuma ya shavu, upande wa macho. Likiwa na doa jeusi kwenye ncha, huyo ni soli wa kawaida. Usitegemee rangi ya mwili hata kidogo, maana hubadilika kufuata mchanga na hufifia akishakufa. Samaki aliyekaa kwenye barafu mapezi yakakatika pia hudanganya, hivyo jaribu sehemu kadhaa za pezi kabla ya kuamua.

Kwa biashara soli wa manjano hana thamani, maana nyama yake haitoshi hata kuchuna. Katika Atlantiki ya Umoja wa Ulaya, soli wa kawaida huruhusiwa kuuzwa akianzia sentimita 24, urefu ambao huyu hafiki kamwe. Nyavu za kukokota za soli kusini mwa Bahari ya Kaskazini zina matundu ya milimita 80, na soli wa manjano wengi hupenya. Kwa hiyo minofu ya soli iliyogandishwa unayoikuta Lubumbashi huwezi kujua spishi yake kwa macho, ngozi na mapezi yakiwa yameondolewa, lakini yenye upana wa mkono haiwezi kuwa ya huyu.