Teke la bunduki halimwangushi mbogo

Kila Julai inapokaribia na msimu wa uwindaji kuwa mlangoni, karakana yangu hapa Arusha hujaa bunduki za kukaguliwa. Pamoja nazo huja maneno yale yale: "Fundi, hii .375 yangu teke lake dogo, sina imani nayo kwa mbogo." Nimeyasikia kwa vijana wanaoanza kazi, nimeyasikia kwa wakazi wenye leseni, na kinachoniumiza zaidi, nimeyasikia kwa wawindaji bingwa waliozeekea porini. Basi leo niyaandike, ili atakayekuja nayo tena nimpe asome.

Dhana ya kwanza, na ndiyo mama wa nyingine zote: bunduki inayokupiga teke kali begani inapofyatuka ndiyo inayomwangusha mnyama.

Shika kalamu tupige hesabu. Kichwa cha kawaida cha risasi ya .375 H&H, kaliba (aina ya risasi, namba .375 ikiwa upana wake kwa inchi) iliyoingia sokoni mwaka 1912, kina greni 300, yaani gramu 19.4. Kinatoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Zidisha uzito kwa kasi, kisha gawa kwa kilo 700 za mbogo dume. Jibu ni sentimita 2 kwa sekunde. Huo ndio mwendo wote ambao risasi inaweza kumpa mnyama huyo kwa kumsukuma, hata kama imekwama ndani yake na kumwachia kila kitu ilichonacho. Inzi akitembea mgongoni mwake anaenda kwa kasi kubwa kuliko hiyo.

Na msukumo unaofika begani kwako ni mkubwa kuliko ule unaomfika mbogo, kwa sababu bega linapokea wa risasi na wa gesi ya baruti inayofoka nyuma yake. Katika .375, gesi peke yake huchangia karibu theluthi ya teke. Kama teke lingekuwa linaangusha, wa kwanza kulala chini angekuwa wewe.

Mnyama anakufa kwa kile ambacho risasi imekipitia: moyo, mapafu, ubongo, uti wa mgongo. Mskoti Walter Bell aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, na wengi wao aliwaua kwa 7x57, kaliba ya milimita 7 ambayo wateja wangu wangeiona ya swala. Alijua ubongo wa tembo ulipo, na alitumia risasi ngumu zisizopasuka njiani. Simwambii mtu amwige. Kwa wanyama hatari kama mbogo, kaliba ya chini tunayoruhusiwa ni .375, na ni haki kabisa, kwa sababu inakupa risasi nzito inayovunja mfupa wa bega na bado ikafika panapotakiwa. Lakini inafika pale ulipoielekeza tu.

Hapo ndipo dhana hii inapoleta madhara. Mtu anaiacha .375 anayoimudu, anatafuta .458 iliyo kubwa zaidi ili "awe salama", halafu anaanza kuiogopa. Mwoga wa teke hajijui. Namweka mteja kwenye magongo matatu ya kulengea, najaza magazini mwenyewe akiwa amegeuka, na katikati ya risasi halisi nachomeka moja ya mazoezi isiyo na baruti. Anapiga ya kwanza. Anarudisha bolti, lile komeo la kuingizia risasi, inapeleka ya pili, anavuta kifyatulio: tik. Hakuna mlio, lakini mdomo wa mtutu umezama chini kama upana wa kidole kimoja, macho yamefumba, bega limesogea mbele. Kila aliyesimama pale ameona. Kwenye mita 50, kuzama huko kunaitoa risasi moyoni na kuipeleka mahali inapojeruhi tu. Kisha mfuata nyayo, ambaye hana bunduki, ndiye anayetangulia kuingia kichakani kumtafuta mbogo aliyejeruhiwa. Nikifika hapa sauti hunipanda, na sitaomba radhi.

Dawa ipo na ni rahisi. Piga risasi nyingi za .22, kaliba ndogo, kwenye magongo yale yale, vaa vizuia sauti masikioni hata mazoezini, na ile bunduki kubwa usiipige zaidi ya mara chache kwa siku. Usikae mezani kuizoea, maana ukiwa umeegemea meza mwili hauyumbi na teke lote linaishia begani. Halafu leta bunduki tupime kitako. Kitako kirefu au kifupi kuliko mkono wako ndicho kinachofanya .375 moja iume na nyingine isiume. Kovu la nusu mwezi juu ya nyusi nalo ni kazi ya darubini iliyofungwa karibu mno na jicho. Acha sentimita 9 au 10.

Wengine wanataka bunduki nyepesi kwa sababu ya kutembea, na wakati huo huo wanataka teke dogo. Havikai pamoja. Ukiishusha bunduki kutoka kilo 4.3 hadi 3.6, nguvu ya teke inapanda kwa karibu moja ya tano. Beba uzito.

Kuna wanaokimbilia breki ya mtutu, kile kifaa chenye matundu kinachofungwa mdomoni. Kweli kinapunguza teke sana, kwa kuigeuza ile gesi pembeni. Lakini pembeni ndiko anakosimama mfuata nyayo na mtunza wanyamapori. Mlio wa bunduki kubwa hata bila breki unavuka desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuharibu sikio, na sikio la ndani likishaharibika halirudi. Nawafahamu wazee wa kazi hii ambao leo unazungumza nao kwa kupaza sauti. Mimi kifaa hicho nakifungua kabla bunduki haijaenda Simanjiro au Longido. Kwenye shabaha kitumie, porini hapana.

"Mtutu mfupi hauna nguvu." Kwa kila inchi unayopunguza unapoteza mita 6 hadi 10 hivi kwa sekunde. Mbogo wa mita 60 hatajua tofauti, masikio yako ndiyo yatajua.

Siku hizi kuna vijana wanaotazama video za Marekani kuhusu bunduki fupi za nusu-otomatiki, wanakuja kuniuliza nipanue tundu la gesi (linalochota gesi mtutuni ili isukume bolti) au niweke bafa nzito (kizito kinachopunguza mwendo wa bolti). Bunduki ya bolti haina tundu la gesi wala bafa. Kwenye hizo za nusu-otomatiki, mtutu ukiwa mfupi tundu linasogea karibu na chemba ambako presha ni kubwa, na muda wa gesi kusukuma kabla risasi haijatoka unapungua, hivyo ukubwa wa tundu na uzito wa bafa hutafutwa pamoja ili bolti isifunguke mapema mno. Bafa nzito inachelewesha na kulainisha, haifuti msukumo. Na kwa uwindaji hapa kwetu silaha ya namna hiyo hairuhusiwi, kwa hiyo swali limeishia hapo.

"Risasi ikitoka inapanda kwanza." Haipandi yenyewe. Inaanza kushuka chini ya mwelekeo wa mtutu pale pale inapouacha. Mtutu ndio umeinuliwa kidogo kuelekea mstari wa darubini.

La mwisho ni la wageni wanaotua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na bunduki zilizorekebishwa kwao, wakiniuliza kama mwinuko wa Arusha, mita 1,400 hivi, utawaharibia shabaha. Kwa umbali wa mita 100 hewa nyepesi haibadilishi chochote cha kuonekana. Kinachoharibu ni sanduku lililorushwa uwanja hadi uwanja na darubini ikagongwa. Piga tatu kwenye karatasi kabla ya kupiga mnyama, na risasi zako zitoe juu ya dashibodi, maana zikipikwa na jua presha inapanda na bolti inaweza kukwama wakati unaihitaji zaidi.